Abebe Bikila, Mtu Aliyekaza Roho



Hakuna mtu hapa shuleni aliyesahau ule mchezo wa mwisho wa shule zote. Dakika 90 zilikwisha, bao moja kwa moja, tukaenda kwenye penalti. Mwenzetu aliyepiga ya tano alikuwa hakosi katika mazoezi, wote tulimwona. Lakini siku ile aliweka mpira chini, akautazama, akautengeneza tena, akatazama watu, akautengeneza mara ya tatu. Mpira ukapita juu ya goli. Njiani tulipokuwa tunarudi, wengi walimcheka, na wengine wakamwita jina ambalo hatutaliandika hapa. Mpaka leo hajarudi katika ekipe. Na sisi tunaoandika, ambao kazi yetu ni kulinda nizamu kati ya wanafunzi, tulisikia yale yote na tukanyamaza. Hilo lilikuwa kosa letu.

Tangu siku ile tunajiuliza neno moja. Ginsi gani mtu anaweza kufanya vizuri kazi anayoijua, wakati macho ya watu wote yako juu yake? Swali hili si la wachezaji tu. Sisi wa darasa la sita tunaona Egzameni ya Leta inakaribia, na kuna wenzetu wanaojua masomo yao vizuri lakini usiku hawalali. Basi tukatafuta mtu wa zamani wa kutufundisha, tukamkuta Abebe Bikila wa Ethiopia. Jina lake wengi wanalijua juu ya jambo moja tu, kwamba alikimbia bila viatu. Kumbe ile haiko hata nusu ya habari yake.

MTOTO WA SHEWA

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa. Siku ile ile, kule Los Angeles katika Marekani, watu walikuwa wanakimbia marathoni ya Olimpiki. Yeye alikuwa angali mtoto mdogo wakati majeshi ya Italia yalipoingia katika inchi yake mwaka 1935, na yakakaa mpaka 1941. Neno hili la Italia tulishike, tutalirudilia.

Alipokuwa kijana alikwenda Addis Ababa, akaingia kazi ya askari katika Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Addis Ababa iko juu sana, zaidi ya metre 2300, na mtu anayezoea kukimbia pale anapata pumzi ya nguvu. Kule alikutana na mwalimu wa michezo jina lake Onni Niskanen, mtu wa Uswidi aliyezaliwa Finlandi. Huyu alikuwa anafanya kazi Ethiopia tangu mwaka 1946.

Niskanen hakuwa mtu wa maneno mingi ya kutia watu moto. Yeye alishika saa mkononi. Aliwakimbiza vijana mbali, kiisha akawakimbiza karibu lakini mbio sana, kiisha tena mbali. Kila kitu alikiandika. Mwezi wa Julai 1960 Abebe alikimbia marathoni yake ya kwanza pale Addis Ababa, kilometa 42 na metre 195, kwa saa 2 na dakika karibu 40. Mwezi mmoja nyuma yake akakimbia tena, kwa saa 2, dakika 21 na segonde 23. Wakati ule rekodi ya Olimpiki ilikuwa ya Emil Zátopek, saa 2, dakika 23 na segonde 3. Maana yake, Abebe alipanda ndege kwenda Roma akijua ndani ya mwili wake kwamba anaweza. Watu wa Ulaya hawakujua, lakini yeye na mwalimu wake walijua.

Tuangalie hapa kidogo. Wengi wetu tunasemaka kwamba kukaza roho ni kitu mtu anazaliwa nacho, ao ni kitu kinachoshuka asubuhi ya mchezo. Abebe anatuonyesha kwamba roho inakazwa mbele, katika siku ambazo hakuna mtu anayetazama.

USIKU WA ROMA, 1960

Ilikuwa tarehe 10 Septemba 1960. Hapa kwetu uhuru ulikuwa na miezi miwili tu na siku kumi na moja. Afrika yote ilikuwa inatafuta kujua kama ulimwengu utaiheshimu.

Mbele ya mashindano shida ikaingia. Viatu vya zamani vya Abebe vilikuwa vimekwisha, na vipya alivyonunua Roma vilimwumiza miguu. Fikirini, ndugu. Siku kubwa kuliko zote za maisha yako, na viatu vinakukataa. Wengi wetu tungelia, ao tungetafuta mtu wa kumpa kosa. Abebe alikuwa amezoea kukimbia miguu mitupu katika mazoezi. Basi alirudilia kitu alichokijua. Haikuwa ya kujionyesha, wala haikuwa ya kuomba huruma. Alivua viatu, akavaa namba 11, akaenda kwenye mustari.

Shida ya pili ilikuwa hii. Mwalimu alimwambia amwangalie sana Rhadi Ben Abdesselam, mtu wa Moroko, anayevaa namba 26. Lakini siku ile Rhadi alivaa namba 185. Abebe akawa anapita watu akitafuta namba 26, haioni. Kando yake kuna mtu wa 185 anayekimbia naye hatua kwa hatua, na yeye hamjui kwamba ndiye yule yule! Mtu mwingine angeanza kuogopa: 26 iko wapi? Ametangulia? Niongeze mbio? Abebe hakuongeza. Alishika mwendo wake. Alikuwa na mpango, na mpango haukuwa wa namba ya mtu mwingine, ulikuwa wa miguu yake mwenyewe.

Mashindano yalikuwa yameanza mangaribi kusudi kukimbia joto, na usiku ukawakuta njiani. Askari walisimama kando ya barabara ya kale ya Appia wakishika mienge ya moto. Watu wawili tu walikuwa mbele, Mwafrika na Mwafrika.

Sasa tunarudilia lile neno la Italia. Karibu na mwisho wa njia ilisimama nguzo ndefu ya jiwe, nguzo ya Axum, ambayo Waitalia waliichukua kutoka Ethiopia mwaka 1937 na kuisimamisha katika muji wao. (Ilirudi kwao mwaka 2005.) Abebe na Niskanen walikuwa wameona pahali pale mbele ya mashindano, na walipatana kwamba ni pale atakapoongeza mbio. Alipofika pale, akaongeza. Rhadi akabaki nyuma. Abebe akafika kwenye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na segonde 16, na Rhadi akafika segonde 25 nyuma yake. Hakuna mtu ulimwenguni aliyekuwa amekimbia marathoni mbio kama hivi. Na askari wa Mfalme wa Ethiopia akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuchukua medali ya zahabu ya Olimpiki kwa jina la inchi ya Afrika.

SIKU AMBAZO HAZIKUWA ZA ZAHABU

Wale wanaosimulia maisha yake wanapenda kuruka mwaka 1963. Sisi hatuuruki. Mwaka ule alikwenda kukimbia Boston, katika Marekani. Alitangulia mbio sana pamoja na Mamo Wolde wa kwao. Kiisha vilima na upepo wa baridi vikamshika, akawa wa tano. Aliyeshinda alikuwa Mbelgiji, Aurèle Vandendriessche. Abebe alirudi nyumbani, akarudi katika mazoezi. Ni hivyo tu. Tungetaka kuandika jambo kubwa hapa, lakini jambo lenyewe ni hili: alirudi katika mazoezi.

Mwaka 1964 michezo ilikuwa Tokyo, katika Japani. Tarehe 16 Septemba waganga walimpasua tumbo juu ya apendisiti. Marathoni ilikuwa tarehe 21 Oktoba. Hesabuni: siku 35. Alikwenda Tokyo, mara hii na viatu. Alishinda kwa saa 2, dakika 12 na segonde 11, rekodi mpya tena ya ulimwengu. Wa pili alimfuata zaidi ya dakika 4 nyuma. Abebe alipofika hakuanguka. Alilala juu ya majani ya uwanja, akanyosha miguu juu, akafanya mazoezi yake ya kulegeza mwili kama anavyofanya kila siku kwao, na watu wote wa stade wanamtazama. Yeye ndiye mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Lakini katika stade ile ile kulikuwa habari nyingine, nayo tunaomba muisome polepole. Aliyeingia wa pili alikuwa Kokichi Tsuburaya, kijana wa Japani, askari pia. Mbele ya macho ya watu wa kwao, Mwingereza Basil Heatley alimpita ndani ya stade, karibu na mustari. Akapata medali ya shaba. Medali ya Olimpiki, ndugu! Kwetu tungeliimba wiki nzima. Lakini yeye aliiona kama haya mbele ya inchi yake. Akaendelea kujitesa, akapata maumivu ya mwili, na mwezi wa Januari 1968 akajiua. Kifo cha namna ile hakina sababu moja tu, na hatutaki kumhukumu mtu. Lakini tunaona kwamba muzigo wa kutazamiwa na watu unaweza kuvunja hata mtu wa nguvu sana, kama hakuna wa kumsaidia kuubeba. Tangu tusome habari hii, ule mcheko wetu wa njiani hautuachi.

Mwaka 1968, kule Meksiko, Abebe mwenyewe alianza marathoni na mguu wenye kuumia. Nyuma ya kilometa karibu 17 akasimama, akatoka njiani. Ndiyo, mshindi wa Roma na Tokyo aliacha. Zahabu ikaenda kwa Mamo Wolde, Mwethiopia mwenzake. Basi kukaza roho si kukataa kila wakati kusimama. Kuna siku mwili unasema hapana, na mtu mwenye akili anausikia.

VITA KUBWA KULIKO ZOTE

Usiku wa mwezi wa Machi 1969, motokari yake ilianguka. Wakamtoa, lakini miguu ilikuwa imekufa. Ile miguu ya Roma! Walimpeleka Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, ambako wanatunza watu walioumia uti wa mugongo. Mikono ikarudi, miguu haikurudi tena.

Sasa tuseme kweli, kama mtu yule angekaa chumbani akilia mpaka kufa, nani angemlaumu? Yeye akiwa katika kiti cha magurudumu alijifunza kupiga upinde na kucheza ping-pong, na mwaka 1970 akaingia katika mashindano ya vilema pale Uingereza. Mwaka 1971 kule Norwe alishindana kwa kigari cha kuteleza juu ya teluji, kilometa 25, akashinda. Mtu wa Ethiopia, juu ya teluji, bila miguu.

Mwaka 1972 walimwita München kama mugeni wa heshima wa Olimpiki, na stade nzima ikasimama kumpigia mikono. Mwamerika Frank Shorter, aliyeshinda marathoni ya mwaka ule, alikwenda kumpa mukono. Mwaka mmoja nyuma yake, tarehe 25 Oktoba 1973, Abebe Bikila alikufa Addis Ababa, akiwa na miaka 41. Mfalme na watu wengi sana walimzika. Stade moja ya muji ule inaitwa kwa jina lake.

TUNALOLICHUKUA SISI

Hatuko walimu, lakini tunaweka hapa machache tuliyoyaona.

Kwanza, siku ya shida mtu anarudilia kile alichokizoea. Kama umezoea kuandika masomo yako usiku wa mwisho, siku ya egzameni hakuna kitu cha kurudilia.

Pili, uwe na mpango mbele, hata wa jambo dogo: nitapiga upande gani, nitaanza na swali gani. Aliyekwisha kukata shauri hatengenezi mpira mara tatu.

Tatu, shika mwendo wako. Mwenzako akiomba karatasi ya pili wakati wewe uko katikati ya ile ya kwanza, hiyo ni namba 26 yake.

Na la nne si la mchezaji, ni letu tunaokaa kando ya uwanja. Abebe alishindwa Boston, aliacha Meksiko, na watu wake hawakumtupa. Shule inayocheka mtu aliyekosa inafundisha wengine wote kuogopa. Mwaka ujao wale watakaopiga penalti watasikia mcheko wetu mbele ya kupiga mpira.

Basi, wewe mwenzetu wa penalti ya tano, tunajua utasoma ukurasa huu. Tunakuomba radhi mbele ya shule yote. Mazoezi ni siku ya ine, nyuma ya masomo, kama zamani. Namba yako hatukumpa mtu mwingine. Njoo.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita