Ilunga Mwepu: mlinzi aliyefanya kosa kwa makusudi, dunia ikafikiri hajui sheria

Kijana yeyote anayecheza mpira Kituku, kando ya Ziwa Kivu hapa Goma, anajua kosa la makusudi ni nini. Mshambuliaji akikupita, unamvuta jezi katikati ya uwanja, unakubali kadi ya njano, na timu yako inapata nafasi ya kurudi nyuma na kujipanga. Wapinzani watakasirika, lakini hakuna atakayesema mlinzi huyo hajui mpira.

Mkongomani mmoja hakupewa heshima hiyo. Kosa lake la mwaka 1974 lilichekwa dunia nzima kwa miaka mingi, kama kichekesho cha mtu asiyejua sheria. Jina lake ni Ilunga Mwepu.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1949. Alikuwa mlinzi wa TP Mazembe ya Lubumbashi na wa timu ya taifa, Léopards. Mwezi Machi 1974, huko Misri, Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ilichukua Kombe la Afrika baada ya kuishinda Zambia 2-0 katika fainali iliyorudiwa. Rais Mobutu aliwapa wachezaji nyumba na magari. Miezi mitatu baadaye walikuwa Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia.

Mambo yaliharibika haraka. Walifungwa 2-0 na Scotland, kisha wakasikia kwamba pesa walizoahidiwa hawatazipata. Wachezaji walifikiria kugoma. Mwishowe waliingia uwanjani kucheza na Yugoslavia, wakafungwa 9-0.

Katika mechi hiyo refa alipigwa teke kutoka nyuma. Akamtoa Ndaye Mulamba kwa kadi nyekundu. Ndaye alikana, na baadaye akaeleza kwamba aliyepiga teke alikuwa Mwepu. Mmoja alikosa, mwingine akalipa.

Ikabaki Brazil, tarehe 22 Juni, Gelsenkirchen. Wachezaji wamesimulia kwamba watu wa Mobutu waliwaonya: wakifungwa zaidi ya magoli matatu, wasifikirie kurudi nyumbani salama. Brazil nayo ilihitaji kushinda kwa tofauti ya magoli matatu ili kuipita Scotland.

Katika kipindi cha pili Brazil ikapata mpira wa adhabu karibu na eneo la hatari. Wazaire wakapanga ukuta. Refa Nicolae Rainea wa Romania akapuliza filimbi. Kabla Mbrazil hajaugusa mpira, Mwepu akachomoka mbio kutoka kwenye ukuta na kuupiga mbali kabisa. Wabrazil wakashangaa, wengine wakacheka. Rainea akamwonyesha kadi ya njano. Mechi iliisha 3-0.

Watangazaji wa Ulaya waliona jambo moja tu: Mwafrika asiyejua sheria. Picha hizo zilirudishwa kwenye televisheni kila Kombe la Dunia lilipokaribia. Lakini mtu aliyekuwa bingwa wa Afrika, aliyecheza mechi nyingi za klabu na za taifa, hawezi kukosa kujua nani anapiga mpira wa adhabu.

Mwaka 2002 Mwepu alieleza mwenyewe kwamba alijua sheria na alifanya makusudi. Hakuona sababu ya kuendelea kuumia uwanjani wakati wale watakaokula pesa walikuwa wamekaa wakitazama. Alitaka kadi nyekundu, na alishangaa refa kuwa mpole hivyo. Wengine wanaamini alikuwa pia anapoteza muda, kwa sababu goli la nne lilikuwa hatari kwa maisha yao. Sababu hizo mbili hazipingani.

Ndiyo maana kosa lake si sawa na la kuvuta jezi. Mlinzi wa kawaida hununua nafasi kwa ajili ya timu yake. Mwepu alitaka kuwaonyesha viongozi hasira yake, mbele ya dunia nzima, na dunia haikuelewa. Kwa teke la refa, mwenzake alifukuzwa uwanjani. Alipoitafuta yeye mwenyewe kadi nyekundu, alipewa ya njano.

Waliporudi nyumbani, Mobutu aliwapa mgongo. Wachezaji wengi wa kikosi kile waliishi katika umaskini, na Mwepu hakuficha kwamba naye aliishi kwa taabu. Alifariki Kinshasa tarehe 8 Mei 2015, akiwa na umri wa miaka 65.

Picha ya teke lile bado inazunguka kwenye simu za vijana, hata huku Goma. Anayeicheka ajue kwamba yule mwenye jezi namba 2 aliisikia filimbi vizuri, na alijua ilikuwa zamu ya nani kupiga.