Len Lye: Aliyetengeneza sinema bila kamera

Juzi mpwa wangu alinijia na malalamiko. Anataka kutengeneza filamu, lakini kamera hana, na pesa za kuinunua hana. Basi ameamua kuacha. Nikamkalisha barazani, nikamsimulia maisha ya Len Lye.

Lye alizaliwa Christchurch, New Zealand, mwaka 1901. Babake alifariki yeye angali mdogo, na kwa muda akaishi kwenye mnara wa taa wa Cape Campbell, ambako babake wa kambo alikuwa mlinzi wa taa. Kwa hivyo alikua mbele ya bahari, kama sisi. Ujanani alikwenda Samoa, na serikali ya kikoloni ikamfukuza kwa kosa la kuishi na wenyeji. Mwaka 1926 alifika London kwa kuchochea makaa melini.

Kupiga filamu kulitaka pesa nyingi. Lye akachukua mkanda mtupu wa filamu akaupaka rangi kwa mkono, moja kwa moja. Ukipita kwenye projekta, picha 24 kila sekunde, rangi zile zinacheza pamoja na muziki. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa A Colour Box mwaka 1935, tangazo la vifurushi vya Posta ya Uingereza, likaonyeshwa kwenye majumba ya sinema.

Mwaka 1944 akahamia New York. Huko alichukua mkanda mweusi akaukwaruza kwa sindano na vyuma vya daktari wa meno, ikatokea mistari myeupe inayoruka gizani. Muziki wake ni ngoma za Waafrika wenzetu, Wabagirmi wa Chad. Filamu hiyo, Free Radicals, ilipata tuzo Brussels mwaka 1958.

Hapa sikumficha mpwa wangu. Tuzo haikuleta wafadhili. Lye akaipa sinema kisogo, akageukia sanamu za chuma zinazotikisika. Alifariki mwaka 1980. Jengo la sanaa lenye jina lake, kule New Plymouth, lilifunguliwa mwaka 2015.

Kwa hivyo nina maneno mawili. Wewe kijana, anza na ulicho nacho mkononi. Nanyi mlioruzukiwa, pamoja na viongozi wetu wa kaunti, mkono mtupu haulambwi. Msingoje vijana hawa wafe ndipo muwajengee majumba.