Mzee Kenyatta na miaka kumi baada ya kiharusi

MTU atokaye Feri, kisiwani Mombasa, akaifuata Barabara ya Mama Ngina huku bahari ikiwa upande wake wa kulia, hupita penye mibuyu mikongwe na hatimaye huukaribia ua wa Ikulu ya Mombasa. Ni ndani ya Ikulu hiyo, alfajiri ya Agosti 22, 1978, ambapo Rais wa kwanza wa Kenya, Hayati Mzee Jomo Kenyatta, aliaga dunia.

Wakenya wengi humkumbuka Mzee kwa usinga, bakora na sauti nzito iliyotikisa viwanja. Ni wachache wanaokumbuka kwamba miaka kumi ya mwisho ya uongozi wake aliipitisha akiwa mgonjwa aliyenusurika kiharusi.

Kenyatta alizaliwa katika miaka ya 1890 na kupewa jina Kamau wa Ngengi. Alikamatwa na serikali ya kikoloni Oktoba 20, 1952, akashtakiwa Kapenguria, kisha akafungwa Lokitaung na kuzuiliwa Lodwar. Aliachiliwa Agosti 1961. Alipoapishwa kuwa Waziri Mkuu mnamo Juni 1, 1963, na kuwa Rais Desemba 12, 1964, tayari alikuwa mzee wa makamo ya babu.

Mnamo Mei 1968 alipatwa na kiharusi. Maradhi haya hutokea damu inapokatika njiani kabla ya kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka. Mgonjwa aweza kupoteza nguvu za mkono, mguu au ulimi kwa muda mfupi mno. Anayenusurika hulazimika kujifunza upya mambo aliyoyajua tangu utotoni: kuinuka kitandani, kuvaa nguo, kushika kijiko, kutembea hadi mlangoni.

Kwa mwananchi wa kawaida, hayo huonekana na jirani wote. Kwa kiongozi wa nchi, yalifanywa siri. Kenya haikuwa ya kwanza. Rais Woodrow Wilson wa Marekani alipatwa na kiharusi Oktoba 1919, na Waziri Mkuu Winston Churchill wa Uingereza Juni 1953. Wote wawili, wananchi wao walifichwa ukweli.

Hata hivyo, waliokuwa karibu na Mzee walielewa uzito wa jambo lile. Mwaka huo huo wa 1968 Katiba ilirekebishwa ili Rais akifariki, Makamu wake ashike usukani kwa siku 90 hadi uchaguzi ufanyike, na mgombea asiwe na umri wa chini ya miaka 35. Udhaifu wa mwili wa mtu mmoja ukawa umebadilisha sheria kuu ya taifa, bila taifa kuelezwa sababu.

Mzee alipata nafuu. Alisimama tena majukwaani, akahutubia, akapita bila kupingwa mwaka 1969 na 1974. Lakini mpango wa siku yake ulibadilika. Saa za kazi zilipungua. Alipendelea kurudi kulala nyumbani kwake Gatundu, na kukaa kwa vipindi virefu Nakuru na Mombasa, ambako jioni alitazama ngoma. Safari za ng'ambo zilimwangukia Makamu wake, Daniel arap Moi. Mambo mengi ya serikali yalipitia kwa watu wake wa karibu, akiwemo Waziri wa Nchi, Mbiyu Koinange.

Kadiri nguvu zake zilivyofifia ndivyo ugomvi wa urithi ulivyochacha. Mwaka 1976 kundi la wanasiasa lilitaka Katiba ibadilishwe ili Moi asipate zile siku 90. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, aliwazima kwa kuwaonya kwamba hata kuwaza kifo cha Rais ni kosa la jinai. Hivyo afya ya Mzee ikawa jambo lisilotajika.

Agosti 1978 alikusanya jamaa zake Mombasa. Agosti 21 alihudhuria hafla Msambweni, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Usiku huo moyo ulimshinda. Moi aliapishwa siku iliyofuata usiku ule, naye Mzee akazikwa Agosti 31 katika uwanja wa Bunge, Nairobi.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 144, imeweka utaratibu wa wazi: Rais akidaiwa kushindwa na kazi kwa sababu ya afya, jopo lenye madaktari watatu humchunguza.

Maisha ya Mzee yanaonyesha kwamba kiharusi si mwisho wa mtu. Aliishi zaidi ya miaka kumi baadaye, akiheshimiwa. Kuegemea mkono wa mwenzako hakuna aibu. Hasara iko katika kuuficha mkono huo, kwa kuwa mficha maradhi, kilio humuumbua.