Clifford Beers: Mwanachuo Aliyeificha Hofu Yake

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii yaafiki maisha ya Clifford Beers, Mmarekani aliyezaliwa New Haven mwaka wa 1876.

Mnamo 1894 kakake alipatwa na maradhi yaliyodhaniwa kuwa kifafa. Beers, aliyejiunga na Chuo Kikuu cha Yale mwaka uo huo, akaingiwa na hofu kwamba naye angeanguka wakati wowote, hata darasani mbele ya wenzake. Jamaa zake hakuwaambia. Mhadhiri mmoja aliyedokezewa siri hiyo alimruhusu kuhudhuria masomo bila kuulizwa maswali. Hisani hiyo ndogo ilimfaa, naye akahitimu mwaka wa 1897.

Hata hivyo, hofu yenyewe haikutibiwa. Mwezi Juni 1900 alijitupa kutoka dirisha la nyumba yao, akanusurika. Kwa takriban miaka mitatu alilazwa katika hospitali za wagonjwa wa akili, ambamo alipigwa na kufungwa. Alipopona, aliyafichua madhila hayo katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1908. Mwaka huo aliasisi chama cha afya ya akili jimboni Connecticut, na mwaka wa 1909 kile cha taifa zima.

Maradhi yalimrudia uzeeni. Safari hii hakuyaficha: mnamo 1939 alijipeleka hospitalini mwenyewe, na humo akafariki mwaka wa 1943.

Basi mwanafunzi mwenzangu, bisha mapema mlango wa mshauri nasaha. Nanyi wahadhiri wetu, anayenyamaza darasani msidhani daima kuwa ni mvivu.