Mwanamke wa Cherbourg Aliyekatwa Kichwa

Historia ya Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia hutajwa kwa majina ya majemadari. Ni nadra mwanafunzi kusikia jina la Marie-Louise Giraud, aliyezaliwa Normandie mwaka wa 1903 na kuishi katika bandari ya Cherbourg.

Mumewe alikuwa baharia. Yeye alifanya vibarua vya usafi na kuwakodishia makahaba vyumba. Wajerumani walipoiteka nchi, huku wanaume wengi wakiwa wafungwa wa vita ugenini, wanawake wenye mimba wasizoweza kuzieleza walimwendea kisirisiri. Alitoa mimba 27, kwa malipo. Mwanamke mmoja alifariki. Hakuwa malaika, wala sidai hivyo.

Hata hivyo, serikali ya Vichy, chini ya Philippe Pétain, iliugeuza uzazi kuwa deni la mwanamke kwa taifa, ilhali mwanamke huyo hakuwa hata na haki ya kupiga kura. Sheria ya Februari 15, 1942 ilikifanya kitendo hicho kuwa uhalifu dhidi ya usalama wa dola. Pétain alikataa kumsamehe. Alfajiri ya Julai 30, 1943, katika gereza la La Roquette, Paris, Giraud alikatwa kichwa kwa gilotini.

Na dola hiyo iliyojiita mlinzi wa familia ndiyo iliyowakabidhi Wajerumani familia za Kiyahudi, pamoja na watoto wao! Mmoja wa mabinti wa Kiyahudi waliopelekwa Auschwitz wakarudi hai ni Simone Veil. Akiwa Waziri wa Afya, ndiye aliyepigania sheria ya Januari 1975 iliyoruhusu utoaji mimba nchini Ufaransa.