Robert Koch na Kazi ya Kupima

Likizo iliyopita nilipokuwa nyumbani Bukura, kijana mmoja wa jirani aliyepata nafasi ya kusomea utaalamu wa maabara ya tiba alinijia akinung'unika. Alitamani udaktari, akaona amepewa kazi duni ya kuchungulia mikojo na makohozi ya watu. Mimi ni mtu wa isimu, lakini sikuweza kumwacha aende na dhana hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilitibiwa malaria mara tatu, katika zahanati ambayo sitaitaja, bila tone la damu yangu kupimwa. Kumbe nilikuwa na kifua kikuu. Aliyeniokoa ni mpimaji mmoja aliyeyachunguza makohozi yangu kwa hadubini. Wahenga walituonya juu ya mficha maradhi. Yapo pia maradhi yanayojificha yenyewe. Ndipo nikamsimulia kijana huyo maisha ya Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mjini Clausthal, Ujerumani. Alihitimu masomo ya tiba huko Göttingen mwaka 1866, na kuanzia mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wöllstein, ambao leo umo nchini Poland. Hakuwa na chuo wala wasaidizi. Alipokwisha kuwatibu wagonjwa wake, alikaa na hadubini nyumbani akichunguza damu ya mifugo waliokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 alithibitisha kwamba ugonjwa huo huletwa na kijidudu, na kwamba kijidudu hicho hugeuka kuwa kama mbegu ngumu inayoweza kudumu ardhini kwa miaka mingi.

Sifa hizo zilimfikisha Berlin mwaka 1880. Huko alikikabili kifua kikuu, ambacho kijidudu chake hakishiki rangi kwa urahisi, na huota polepole kwa majuma kadhaa. Koch alijaribu rangi hii na ile, akasubiri, na tarehe 24 Machi 1882 akatangaza kuwa amekipata. Alishikilia kanuni kali: kijidudu kionekane ndani ya mgonjwa, kitengwe na kuoteshwa peke yake, kikitiwa katika mnyama mwenye afya kilete ugonjwa ule ule, kisha kipatikane tena kwa mnyama huyo. Wala hakuyatenda yote peke yake. Fanny Hesse, mke wa daktari aliyefanya kazi katika maabara hiyo, ndiye aliyependekeza agari, utomvu wa mwani aliokuwa akiutumia jikoni, ili kuoteshea vijidudu. Hadi leo maabara huitumia.

Hata hivyo, mwalimu anayewasimulia wanafunzi ushindi pekee huwadanganya. Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, huku akificha jinsi ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin, lakini dawa haikuwaponya, na baadhi yao walifariki. Aliyewafundisha wenzake kudai ushahidi alitangaza kabla ya kuupata. Baadaye tuberkulini ilipata kazi yake halali: ikawa kipimo cha ngozi cha kutambua maambukizi ya kifua kikuu.

Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata alifika Ziwa Victoria, katika visiwa vya Sese nchini Uganda, wakati malale yalipokuwa yakiangamiza watu kwa maelfu. Huko Entebbe, mwaka 1903, Aldo Castellani alikuwa amekiona kijidudu cha malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Koch aliwapima watu wa Sese, kisha akawadunga atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Alipoongeza vipimo vya dawa hiyo, baadhi yao walipofuka wasione tena. Walikuwa watu wa ziwa hili hili letu, chini ya utawala wa kikoloni, na sidhani waliulizwa ridhaa yao kama wagonjwa wa Berlin wangeulizwa leo. Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden.

Nilimwambia kijana yule kwamba maisha hayo yana mafunzo mawili, nasi walimu tusiwape wanafunzi moja tukawanyima la pili. Mpimaji ndiye anayemzuia daktari kutibu kwa kubahatisha. Akizembea katika kupaka rangi, au akibadilisha majina ya chupa mbili, mtu hutibiwa ugonjwa asio nao. Lakini nyuma ya kila tone la damu yupo mtu, mwenye haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, kinachopimwa na sababu yake. Koch alikuwa na jicho kali la kukiona kijidudu. Kule Sese hakumwona vyema mwenye damu.

Kijana aliripoti chuoni juma lililofuata.