Mark Weiser, mtu aliyeota ordinatere za kila mahali

Wachimbaji wa Kalima wanajua vizuri: kasiterite inayotoka kwenye mashimo inazaa bati, na bati ndilo linashikisha vipande ndani ya telefone na ordinatere za dunia nzima. Lakini ni wachache wanaojua jina la Mark Weiser, aliyefikiria mapema dunia yenye kujaa mashine hizo.

Alizaliwa tarehe 23 Julai 1952 karibu na Chicago, Marekani. Mwaka 1979 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan, akafundisha Maryland, kisha mwaka 1987 akaingia Xerox PARC, kituo cha utafiti kule California.

Wakati ule ordinatere ilikuwa sanduku la juu ya meza, na mtu ndiye aliyeihangaikia. Weiser alitaka mambo yageuke: mashine imtumikie mtu, kimya kimya. Mwaka 1988 wazo hilo akalipa jina: ordinatere za kila mahali. Mfano wake ulikuwa maandishi. Yako kwenye vibao na kwenye mifuko, na mtu anayasoma bila hata kujisikia kama anasoma.

Yeye na wenzake walitengeneza vifaa vya aina tatu: kinachoenea mkononi, cha ukubwa wa karatasi, na kikubwa kama ubao wa shule. Makala aliyoandika Septemba 1991 katika jarida Scientific American inasomwa na kujadiliwa mpaka leo katika vyuo vikuu.

Hakuwa mtu wa labo tu. Alipiga ngoma katika kikundi Severe Tire Damage, ambacho mwaka 1993 kilikuwa cha kwanza kupiga muziki moja kwa moja kwenye intaneti.

Hatari vilevile aliiona: mashine zikijaa kila chumba, mwenye mamlaka ao mfanyabiashara anaweza kufuata kila hatua ya mtu.

Kansere ilimuua tarehe 27 Aprili 1999, akiwa na miaka 46. Leo kifaa chake cha mkononi kiko mfukoni mwa watu Kindu na Kalima, ila utulivu aliouota haujafika: telefone inalia, inadai kuangaliwa kila saa. Na kwa Kalima kuna jambo lingine. Mashine ikifichika vizuri, anayeitumia anasahau pia mkono uliochimba bati lake.